Fundi kanila elfu 45 kwa spika nzima!

Wakuu, nimekaa kimya tangu Jumamosi nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Binamu alinipa CD ya Psychocandy, albamu ya kwanza ya bendi ya roki The Jesus and Mary Chain, ya mwaka 1985. Wimbo wa kwanza, Just Like Honey, ukapita salama, ngoma inadunda kama ile ya Be My Baby, wimbo wa The Ronettes, kundi la wasichana la Marekani. Ukaingia wa pili, The Living End. Mama yangu! Mluzi, mikwaruzo, kama mtu anakata bati sebuleni. Nikajua spika zimekufa.

Nikazipakia kwenye bodaboda hadi kwa fundi. Hakufungua hata skrubu. Kasikiliza CD hiyohiyo sekunde kumi, akatikisa kichwa: "Twita zimeungua hizi, bosi." Yaani vile vispika vidogo vya sauti nyembamba. Nikalipa, akaweka mpya. Nimefika nyumbani, kelele ileile! Naweka taarabu, safi kabisa.

Ndipo nikaanza kusoma. Kumbe ni makusudi! Ndugu wawili wa bendi hiyo, Jim na William Reid wa East Kilbride, Uskoti, wanaliacha gitaa mbele ya amplifaya mpaka linapiga mluzi, uleule wa maiki ikisogea karibu na spika harusini na MC anaanza kumkaripia mtu wa mitambo. Wao hawazimi, wanarekodi! Nyimbo 14 hizo. Mpiga ngoma wao wakati huo, Bobby Gillespie, alikuwa anapiga kasimama, na ngoma zenyewe mbili tu. Machi 1985 walipanda jukwaani London, wakapiga kama dakika 20 wakashuka, watu wakavunja vyombo. Angalau wale walivunja vya wenyewe. Mimi nimelipia matengenezo ya kitu kizima.

Nimemrudia fundi, ananiambia eti twita mpya zinahitaji kuzoea. Zizoee nini? Si angesema tu "weka CD nyingine, bosi, tusikie"? (Najua, hata mimi sikuliwaza hilo. Msinianze.) Nikadai twita zangu za zamani, kashazitupa. Kashaziuza, huyo!

Kuna namna ya kumbana, wadau? Risiti sina.

Na kinachoniuma zaidi, nimeshazipenda hizo kelele. Ukivumilia ule mluzi, chini yake kuna sauti tamu za kubembeleza. Ila jana usiku jirani kanigongea mlango, ananishauri kwa upole kabisa nipeleke spika kwa fundi.