Uvimbe wa mama shingoni unadunda, hospitali wanataka kukata kinyama

MwanaMakete: Wakuu, habari za humu. Bi mkubwa ana miaka 58, ana uvimbe chini ya taya, upande wa kushoto. Hauumi. Alipewa dozi ya TB ya tezi, kaimaliza yote, uvimbe uko palepale. Nikiweka vidole unadunda. Sasa wanataka wakate kinyama kipelekwe maabara. Nihoji au ninyamaze?

NesiWaKoo: Pole kwa kuuguza. Hoji, tena kabla hajashikwa na kisu. Ushike kwa vidole viwili, taratibu, usiminye. Unaenda wapi?

MwanaMakete: Mbele na nyuma unacheza. Juu na chini umegoma kabisa.

NesiWaKoo: Basi wasikate kitu kwanza. Mshipa wa karotidi, ule mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kichwani, unapogawanyika, tawi moja la ubongoni na jingine la usoni, pana kijitezi ukubwa wa punje ya mchele kinachopima oksijeni kwenye damu. Kikiota uvimbe, unajaa mishipa ya damu mitupu. Ukichokonolewa, kuizuia damu ni kazi. Uvimbe wa neva nao husogea hivyohivyo, kwa hiyo vidole havitoshi. Aanze na ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha damu inavyotembea, kisha CT ya mishipa. Je, huwa anapandwa na presha ghafla, jasho, moyo kwenda mbio? Baadhi ya vimbe hizi humwaga homoni, kwa hiyo apimwe metanefrini, yaani mabaki ya homoni hizo, kabla ya kuingia theatre.

MwanaMakete: Presha anayo, dada. Ni kansa?

NesiWaKoo: Nyingi si saratani, na hukua polepole. Kinachoamua ugumu wa upasuaji ni uvimbe umeushikaje mshipa. Tangu 1971 madaktari hutumia madaraja matatu ya daktari Shamblin: la kwanza unabanduka vizuri, la tatu umeuzingira mshipa, na huenda mshipa wenyewe ukabidi kukatwa na kuungwa upya. Ndiyo maana namtaka daktari wa upasuaji wa mishipa awepo, si wa koo peke yake. Na muulize mama kama upande wa baba yake kuna mwenye shingo kama hiyo. Kuna aina inayorithiwa, na mara nyingi hupitia kwa baba.

Mzee_Kibao: Mimi nilitolewa wa hivyo. Sauti ilikwaruza muda mrefu, na hadi leo tonge la kwanza la ugali linanikata taya mpaka machozi. La pili linapungua, la nne nakula kama kawaida. Madaktari wanalijua hilo, ila mimi hakuna aliyenitahadharisha.

MwanaMakete: Asanteni sana. Kesho naomba rufaa. Niseme nini hasa?

NesiWaKoo: Sema: "Uvimbe unadunda, naomba Dopla kabla ya kinyama."