Naomba ushauri: riwaya ya mji unaomilikiwa na kampuni

Wakuu, habari zenu. Naandika riwaya ya mji wa kesho ambao kampuni moja inamiliki nyumba, maji, maduka hadi zahanati. Mfano nimeuchukua Pullman, mji uliojengwa na kampuni ya mabehewa ya treni karibu na Chicago, Marekani: baada ya mdororo wa 1893 kampuni ilipunguza mishahara, lakini kodi ya nyumba haikushuka. Wapo wafanyakazi waliobaki na senti tu mkononi. Mwaka 1894 wakagoma.

Kinachonisumbua ni mhusika wangu, karani wa mishahara. Ndiye anayewakata kodi majirani zake, na mama yake mzazi naye ni mpangaji humo humo. Nataka msomaji amwelewe bila kumsamehe haraka. Je, asimulie yeye, au nimwachie mama? Wazoefu wa kuandika nisaidieni, sura ya tatu imekwama hapo.