Nguo za baada ya upasuaji wa pacha: gauni la vifungo, dera au suruali?

tumbo_la_wawili
Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya pacha, wiki ya 34. Wa kwanza ametanguliza makalio, kwa hiyo nimepangiwa upasuaji wiki ya 37. Begi la watoto limejaa, langu lina mswaki tu. Nasitasita kati ya gauni la vifungo mbele, dera, na suruali laini yenye fulana. Dada yangu anasema dera linamaliza kila kitu, ila yeye alijifungua kawaida, tena mmoja. Nyie mliopasuliwa mlivaa nini?

mama_usingizi_haba
Hongera shoga. Dera ni zuri kwa kutembea, kwa kunyonyesha ni balaa. Halifunguki mbele, kwa hiyo ziwa litoke ni lazima ulipandishe kutoka chini hadi shingoni, mshono nje, chupi nje, na wageni ndio kwanza wanabisha hodi. Kwa mtoto mmoja utahangaika utafika. Kwa wawili wanaolia kwa pamoja, thubutu!

Mimi niliwanyonyesha wote mara moja, kila mmoja kwapani kwake juu ya mto, miguu yao ikielekea mgongoni kwangu. Hivyo hakuna anayelalia mshono wala kuupiga teke. Mkao huo unataka gauni linalofunguka kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Angalia vifungo vinaishia wapi: vikiishia katikati ya kifua utatoa ziwa moja tu. Vishuke hadi kitovuni. Na viwe vya kubana, maana vya tundu saa nane usiku kwa mkono mmoja utavikata kwa meno.

nesi_wa_zamu
Kabla ya gauni, tuzungumze chupi, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Mshono mara nyingi hukatwa kwa mlalo, chini kabisa, karibu na nywele za siri. Ndipo hasa lastiki ya chupi ya kawaida inapokaa. Chukua za pamba za kiuno kirefu, lastiki ipite juu ya kitovu, na uongeze saizi moja au mbili. Tumbo halitarudi siku hiyo. Mji wa mimba huchukua kama wiki 6 kusinyaa, na wako umebeba wawili.

Halafu kuna wanaodhani aliyepasuliwa hatoki damu. Anatoka, na inaweza kuendelea wiki kadhaa. Chupi iwe na nguvu ya kushika pedi kubwa, na rangi iwe nyeusi usije ukalilia madoa.

Jambo jingine kwa mama wa pacha: ngozi iliyolegea huweza kuufunika mshono, chini yake pakabaki na jasho. Baada ya kuoga kausha kwa kugusagusa na taulo safi, usisugue, kisha pumzika kidogo pasipo nguo mpaka pakauke. Ukiona wekundu unaoenea, usaha, harufu, mshono unaachia au homa, usije kuuliza hapa. Nenda hospitali.

sio_mtu_wa_gauni
Mimi naitetea suruali, samahanini. Wangu walizaliwa kabla ya wakati wakalazwa chumba cha njiti. Kila baada ya saa tatu natembea kwenda kukamua maziwa, kupita watu kibao. Gauni lilinifanya nijione mgonjwa tu. Niliyovaa ni suruali yangu ileile ya mimba, yenye kitambaa kipana kinachofunika tumbo lote bila lastiki ya kukata. Kwa hiyo usinunue mpya, unayo kabatini.

Juu nilivaa shati la vifungo. Fulana wala usiihangaikie: ukiambiwa umweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, shati unalifungua tu, unamweka, unamfunika nalo.

Kasoro ninaikubali. Siku ya kwanza una mpira wa mkojo, suruali haivaliki. Na kuinama kuingiza miguu, uwiii. Keti kitandani mtu akuvalishe.

mama_usingizi_haba
Hapo kwenye shati umenishinda.

bi_mtulivu
Dera mnalionea. La kitambaa cha kuteleza lilinisaidia usiku: unajigeuza ubavu bila shuka kukung'ang'ania, kisha unashusha miguu na kujisukuma kwa mkono. La pamba lilikuwa linajikunja chini ya kiuno, kila nikigeuka mshono unavutika. Ila kweli nilitoka jasho kama nimemwagiwa ndoo. Chukueni mawili ya kubadilisha.

tumbo_la_wawili
Asanteni jamani. Na mkanda wa tumbo? Sidiria je?

nesi_wa_zamu
Mkanda laini unaweza kupunguza maumivu unapoinuka na kutembea, lakini waulize kwanza waliokupasua. Usiukaze mpaka pumzi ikawa ya shida, na uvue ukilala. Ile migumu ya kutengeneza kiuno iache kabisa. Sidiria isiwe na waya, na usinunue nyingi sasa: maziwa yakijaa, siku ya 3 mpaka ya 5 hivi, saizi itabadilika. Ukipewa soksi ndefu za kubana miguu, zivae mpaka uambiwe uvue. Upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda, si pambo hizo.

tumbo_la_wawili
Nimerudi. Leo siku ya nne, wote wazima, wa kike na wa kiume. Gauni la vifungo limeshinda mchana, dera la kuteleza usiku. Suruali bado imekunjwa, naisubiri siku ya kutoka.

Lakini hakuna aliyeniambia kuhusu viatu! Miguu imevimba, sandali zangu za mikanda hazipiti hata vidole, na kuinama kufunga ndiyo sahau kabisa. Natembea wodini na kandambili za mume wangu, namba 44. Yeye kaenda nyumbani na zangu.