Bwawa la kukaushia maji taka: ni jua au laina imetoboka?

MwanaMiritini: Hamjambo wadau. Nasimamia mazingira kwenye kiwanda huku Miritini. Tuna bwawa la kukaushia maji taka ya chumvi kwa jua, laina moja tu (karatasi ya plastiki ya HDPE ya kuzuia maji yasipenye) ya milimita 1.5, chini ni udongo. Tangu kaskazi ianze kuvuma, maji yanashuka mbio. Bosi asema ni upepo. Mimi roho haijatulia, mishono ya ukingoni imeanza kupauka na chini yetu kuna visima vya watu. Nitajuaje bila kumwaga maji yote?

FundiLaina: Bosi huenda yuko sawa, ila apimiwe. Chukua ndoo pana, ijaze maji ya bwawa lenyewe. Si ya mfereji, kwa sababu maji ya chumvi hukauka polepole kuliko maji yasiyo na chumvi. Isimamishe bwawani izame karibu hadi mdomoni, joto lilingane. Tia alama ndani na nje. Kote kukishuka sawa, ni jua. Nje kukizidi, maji yana njia nyingine. Siku hizo funga bomba la kuingizia. Na usidharau milimita: bwawa la mita mraba 2,000, milimita 1 ni lita 2,000.

MwanaMiritini: Shukran. Tuna kisima cha uangalizi upande wa chini. Chumvi ikipanda hapo si ushahidi?

BintiJomvu: Pwani hii chumvi peke yake itakuhadaa, yakhe. Kisima kilicho karibu na hori, ule mkono wa bahari, hubadilika kwa bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Chimba kingine upande wa juu, upime vyote viwili maji ya bahari yakiwa katika hali ile ile. Kisha uliza maabara uwiano wa kloridi na bromidi. Baharini kloridi hukaribia mara 290 ya bromidi kwa uzito, hauyumbi sana. Chumvi ya gunia huwa na bromidi kidogo mno, kwa hivyo kama ndiyo mwatumia kiwandani na bwawa lavuja, uwiano wa kisima cha chini utaruka juu. Naitreti achana nayo, vyoo vya shimo vimejaa mtaani navyo huitoa pia.

FundiLaina: Hapo umenena. Ndoo ikionyesha uvujaji, tafuta tundu kwa umeme, maji yakiwemo. Laina haipitishi umeme, tundu hupitisha. Lakini kwanza kagua mabomba yanapopenya laina, ndipo huchanika sana. Ukiona laina imevimba tumbo, kuna gesi au maji chini yake.

Mzee_Kongowea: Fanya kabla ya masika. Mvua ya Mei itavuruga hesabu zote.

MwanaMiritini: Ndoo naitia kesho. Anayepima kwa umeme huku pwani aniandikie inboksi, bosi atataka bei kwanza.