Nataka kumnunulia mzee saa ya 1963 iliyotengenezwa upya, naombeni ushauri kabla sijatuma pesa

Mwanalolwe:
Wadau habari zenu. Niko Kisumu, nina elfu arobaini nimekuwa nikiweka kando tangu mwaka jana, na kabla zitoke nataka kusikia wenye wanajua haya mambo kuniliko. Ni saa ya mzee wangu. Anaishi Bahati, Nakuru, ako na miaka 76. Ujana wake alikuwa anajitolea kushika saa Safari Rally ikipita upande huo, ile ya Pasaka, na mpaka leo ukimtajia 1974, mwaka Joginder Singh alishinda na Lancer ya Mitsubishi, atakueleza vile gari zilikuwa zinaingia kituoni na matope hadi juu ya paa na yeye kidole kiko tayari kwa kitufe. Alikuwa na saa ya kutia ufunguo, vitufe viwili ubavuni na visaa viwili vidogo ndani ya uso. Ilichopolewa mkononi mwake kwa dirisha la matatu nikiwa darasa la tatu na hajawahi vaa ingine. Akitaka kujua saa bado anaangalia mkono kwanza, halafu ndio anatoa simu.

Sasa nimeona Seagull 1963. Uso wa krimu, alama za dhahabu, mishale ya buluu na ule mrefu wa sekunde mwekundu. Inakaribiana sana na yake. Je, ni mashine kweli ama ni sura tu? Nichukue ya milimita 38 ama 42? Na ikilala siku moja, nani ataifungua huku kwetu?

Bondeni wa Naks:
Ni mashine kweli kaka, tena yenye historia. 1961 serikali ya China ilikuwa inataka saa ya marubani wa jeshi la anga, kiwanda cha Tianjin kikanunua kutoka Uswizi mitambo ya kutengenezea mashine inaitwa Venus 175, sampuli za kwanza zikatoka 1963 na ndio maana ya hiyo namba. Ya leo inaitwa ST19, ni kizazi cha ile ile. Haina betri na haijitii yenyewe, ni vidole vyako.

Mimi niko na yenye mgongo wa kioo. Ukiigeuza unaona kagurudumu kadogo kamesimamisha nguzo kama ngome, ukibonyeza kitufe cha juu kanazunguka hatua moja tu, mkono wa chuma unadondoka kati ya nguzo mbili na mshale mwekundu unaondoka. Kila sekunde 60 zikiisha kamshale ka upande wa saa tatu kanasogea dakika moja, hadi 30. Nimeimiliki miaka minne na bado naibonyeza nikiwa peke yangu nikiiangalia tu.

Kuhusu muuzaji hapo kuwa makini sana. Mara ya kwanza nilitumiwa kitu cha betri, visaa vidogo vimechorwa tu, na muuzaji akanyamaza kabisa. Mwambie akurekodie video ya hiyo hiyo saa, mgongo wazi, akiitia ufunguo na akibonyeza vitufe vyote viwili. Akikataa achana naye. Na usisahau ushuru, VAT ya 16% haihesabiwi kwa bei ya saa pekee, wanaweka usafiri na ushuru wa forodha ndani kwanza. Hiyo elfu arobaini usiimalize yote kwa muuzaji.

Sigana254:
Mi ningengoja niongeze pesa nichukue Hamilton Intra-Matic ile ya kutia ufunguo. Imefuata kronografu zao za 1968, yaani saa za vitufe za kupima muda, ukiitia ikajaa inaenda masaa 60, na maji haiogopi vile.

Bondeni wa Naks:
@Sigana254 nzuri sana lakini bei yake ni mara kadhaa ya bajeti yake, na mzee ana miaka 76. Angoje hadi lini?

Mama Zawadi:
Mwanangu, mimi nitauliza kitu hakuna mtu ameuliza. Vidole vya mzee viko aje? Babangu alikuwa na baridi ya viungo, tukamletea saa nzuri ya kutia ufunguo, akaitia wiki ya kwanza kwa sababu tulikuwa tunamwangalia. Baadaye nikaikuta kwa droo imesimama, na hakutaka kusema kwamba kale kakifundo ka kuitia kanamshinda kushika. Niliumia sana siku hiyo. Usimpelekee mzee kitu kitamkumbusha kila asubuhi kile mikono yake haiwezi tena. Jua kwanza.

Fundi Mishale:
Mama amesema. Mimi natengeneza saa hapa Kisumu mjini, hizo ST19 nimefungua kadhaa. Si mashine mbaya ila zingine zinakuja na mafuta imewekwa ovyo, mahali imejaa na mahali pamekauka. Ikishafika iletwe ikaguliwe, halafu baada ya miaka minne mitano isafishwe yote.

38 ama 42: mashine ni moja, kwa hiyo kwa ile kubwa visaa vidogo vinabaki vimekaribiana pale katikati kama macho ya bundi. Ya 38 ndio imekaa vile saa za zamani zilikaa. Kioo cha akriliki kinachubuka lakini unasugua na dawa ya meno na kitambaa laini kinarudi. Maji iepukwe kabisa, hata kuosha vyombo aivue. Aitie ufunguo ikiwa imevuliwa mkononi, wakati ule ule kila asubuhi, akisikia imekataa asilazimishe. Na kitufe cha chini hakiguswi mshale ukikimbia. Asimamishe na cha juu kwanza, ndio arudishe na cha chini.

Nina saa kuukuu ya kutia ufunguo hapa, mtambo mzima. Pitia uichukue umpelekee aijaribu, utanirudishia.

Mwanalolwe:
Nimerudi wadau, wiki mbili sasa. Mama Zawadi asante sana, hilo halikuwa limenipitia akilini kabisa. Nilichukua ile saa ya fundi nikaenda nayo Bahati Jumamosi, sikumwambia chochote, nikaiweka tu mezani karibu na kikombe chake. Aliiokota. Kidole cha kwanza kweli hakikunji vizuri, alijaribu kushika kifundo mara mbili kikateleza. Halafu akailaza kwa kiganja cha kushoto na akaanza kusukuma kifundo na ubavu wa kidole gumba, mbele tu, mbele tu, polepole, akihesabu chini chini. Alifika ishirini na tatu akasema imejaa. Akaweka sikioni. Mamangu alikuwa anaongea na mimi akamnyamazisha kwa mkono.

Nilipoondoka Jumapili alikuwa ameitia tena na hakutaka kunirudishia, ikabidi nimwambie ni ya mtu.

Nimeagiza ya 38, kioo cha akriliki, video nimetumiwa na vitufe vyote vinafanya. Fundi, ikifika naileta kwako moja kwa moja uangalie mafuta kabla nipande matatu ya Nakuru.