Nchi ikipuuza ombi la rais wa Tume ya Ulaya, inaadhibiwa?

Mdadisi_Tanga: Wakuu, nieleweshe. Mwaka 2024 Ursula von der Leyen, rais wa Tume ya Ulaya (chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya), aliziomba nchi wanachama majina mawili ya kamishna, yaani mjumbe wa Tume, la mwanamke na la mwanamume. Karibu zote zikapeleka moja. Hakuna adhabu?

ShangaziSheria: Adhabu itoke wapi, mwanangu? Ombi lile halimo kwenye mkataba wa Umoja wa Ulaya. Ibara ya 17 inasema nchi zinapendekeza, kisha Baraza la nchi wanachama linapitisha orodha kwa makubaliano na rais mteule. Asipokubali yeye, orodha haipiti. Tena ndiye anayegawa vyeo. Jina asilolipenda huambulia idara isiyo na meno. Ndiyo maana Slovenia ilianza na mwanamume, Tomaž Vesel, ikaishia kumpeleka mwanamke, Marta Kos.

MzeeWaGerezani: Na nchi ikigoma kabisa?

ShangaziSheria: Uingereza, ikiwa bado mwanachama, iligoma Novemba 2019, eti kuna uchaguzi. Tume ikaifungulia hatua za kisheria kwa kukiuka mkataba, ila tarehe 1 Desemba ikaanza kazi bila Mwingereza. Na msilisahau Bunge la Ulaya! Mwaka huohuo kamati zake zilimkataa Sylvie Goulard, aliyependekezwa na Ufaransa, Rais Macron akamleta Thierry Breton.

MzeeWaGerezani: Kumbe kupendekeza ni wajibu, si hisani.