Mama hawezi tena ngazi za ghorofa ya nne. Nimtafutie nesi wa kuja nyumbani?

Kitindamimba_Umoja:
Wenzangu, naombeni ushauri. Mama ana miaka 81. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, na presha na sukari alikuwa nazo tangu zamani. Tunakaa Umoja, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Siku ya kliniki tunamkalisha kwenye kiti cha plastiki, tunamfunga leso kifuani asiponyoke, kisha vijana wawili wa boda wanamteremsha kinyumenyume huku mimi nimetangulia kushika miguu ya kiti. Nawapa mia tatu kila mmoja. Kwenye kona ya ghorofa ya pili, pale ukuta unapobana, mama hufumba macho akaanza kuomba. Mimi pia huomba, ila kimoyomoyo.

Halafu teksi, halafu Outer Ring na foleni yake. Tunafika saa moja asubuhi, tunaonwa saa saba. Daktari anapima presha, anasoma kitabu, anaandika dawa zilezile. Dakika kumi. Tukirudi, mama hali wala hasemi siku mbili, na mwezi uliopita alirudi na kikohozi ambacho hakwenda nacho.

Nasikia kuna manesi na mafizio, wale wa mazoezi ya viungo, wanaokuja nyumbani. Dadangu mkubwa, yuko Nakuru, amekataa katakata. Anasema mgonjwa ni wa hospitali, na watu watasema tumemficha mama chumbani afe polepole. Kuna faida kweli, au nitakuwa namlipa mtu aje kunywa chai?

Nesi_wa_Eastlands:
Pole sana ndugu yangu. Kazi hii ya nyumba kwa nyumba nimeifanya miaka tisa. Chai tunakunywa, sikatai.

Lakini kabla ya kumgusa mgonjwa huwa naomba kwanza mkebe wa dawa. Kwa bibi mmoja Kayole nilimwaga kopo la Kimbo mezani, nikakuta amlodipini, dawa ya presha, mbili zenye majina tofauti ya kiwanda: moja ya kliniki, nyingine ya duka la dawa la mtaani. Alikuwa akimeza zote mbili kila asubuhi. Miguu imefura, viatu havimwingii, akisimama kizunguzungu. Kliniki hawakujua, kwa sababu wao husoma kitabu, kopo hawajawahi kuliona. Nilimpigia daktari wake nikiwa palepale, akasimamisha moja.

Nyumbani naona pia anavyoshika ukuta akienda chooni, zulia linavyojikunja, chumvi iliyo karibu na sahani. Wazee waliokwisha nguvu, wodi huwamaliza zaidi: siku chache tu za kulala, miguu inasahau kazi, usiku taa na kelele, wanachanganyikiwa, na wengine huokota maradhi ya kitanda cha jirani. Kikohozi cha mama huenda kilitoka kwenye lile benchi la kungojea.

Kwa mama aliyelegea upande, anza na ngozi. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, na mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mtaambiwa mtafute wekundu. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi. Pitisha mgongo wa mkono kwenye nyonga, chini ya kiuno na visiginoni: penye joto kuliko pembeni yake, pagumu kama embe bichi, au peusi zaidi, hapo kidonda kimeshaanza ndani. Akila, aketi wima, abaki hivyo nusu saa, na kijiko kiingie upande wenye nguvu.

Ila mdomo ukipinda ghafla, kifua kikibana, akianguka asiweze kusimama, au akilala usingizi usioamshika, msiningoje mimi. Hapo ni kile kiti cha plastiki tena, na ambulensi. Na kabla ya kumlipa yeyote, mwombe leseni ya Baraza la Wauguzi ambayo haijaisha muda. Wapo wanaovaa koti jeupe tu.

BabaTatu_Kariobangi:
Nesi amesema vizuri, ila amempita mtu anayebaki usiku. Nesi huja kwa muda wa saa moja tu, mara mbili kwa wiki. Saa zilizobaki ni zako. Mzee wangu nilimuuguza miaka miwili, nikajua kubadilisha daipa gizani bila kumwamsha. Mashine ya oksijeni nayo inakula stima. Stima ikipotea, mashine inapiga king'ora, unakimbilia mtungi wa akiba kwa tochi ya simu. Hata hivyo alifariki akisikiliza redio yake, wajukuu wakigombania rimoti. Sijuti. Huyo dada wa Nakuru aje akae wiki moja, ndipo atoe amri.

Mkaazi_Dandora:
Mtafuteni pia mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Mwaka 2023 walipewa mikoba yenye mashine za presha na sukari. Nesi si yeye, lakini kati ya ziara na ziara anasaidia.

Kitindamimba_Umoja *(wiki tatu baadaye)*:
Nesi tulimpata, leseni niliiona. Mama alimuuliza kwanza kwao ni wapi na baba yake ni nani, ndipo akatoa mkono upimwe. Dawa pacha hatukukutwa nazo, ila metformini, dawa yake ya sukari, ya karibu miezi miwili ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chini ya godoro. Kumbe inamharisha, na aliona haya kumwambia daktari kijana wa kiume. Imebadilishwa, sasa anaimeza na chakula. Fizio naye humsimamisha dirishani asubuhi, mama anahesabu matatu zinazopita, akipotea hesabu anaanza upya.

Dada alikuja Jumamosi akiwa amenuna. Jana saa nane usiku kengele ya simu ilipolia niliamka kumgeuza mama, nikamkuta dada ameshatangulia, amepiga magoti gizani, anapapasa kisigino kwa mgongo wa mkono.